Hiari ya Kifungu cha Tisa

3 Machi

Serikali imenikabidhi daftari lenye kurasa mia nne. Hili dogo nimelinunua mwenyewe, ili yale yasiyostahili kuingia katika lile kubwa yapate mahali pa kukaa. Kuanzia leo mimi ni Karani wa Hiari.

Cheo hicho kilimchekesha mama hadi akaweka kisu chini. "Miaka minne ya chuo kikuu, halafu unakwenda kuandika majina ya watu posta?" Nilimweleza kwa utaratibu kwamba ile si posta tena, kwani posta ilikufa mwaka wa kwanza wa vita, barua zilipokoma kuvuka daraja, na kwamba kazi ninayokwenda kuifanya ndiyo moyo wa Mkataba mzima. Akasema sawa, ila moyo huo uwe umerudi nyumbani saa kumi, kwa sababu kuni zimekwisha.

Nayaandika mambo yalivyo, ili hata baada ya miaka hamsini asomaye asipotee. Serikali ya upande huu wa mto na ile ya ng'ambo zilipigana miaka minne kwa ajili ya mji wetu. Mwezi wa Januari zilitia saini Mkataba katika jiji la mbali lisilohusika na ugomvi wetu. Mto umekuwa mpaka, na mji umebaki upande huu. Lakini karibu nusu ya watu wa hapa walizaliwa ng'ambo, au baba zao walizaliwa huko, na ndiyo sababu kikaandikwa Kifungu cha Tisa: kila mtu mzima atachagua utaifa wake kabla ya mwisho wa Mei, "wala hatanyang'anywa makazi, kazi wala mali kwa sababu ya hiari yake." Nimesoma mikataba mingi, tasnifu yangu juu ya watu wa mipakani ilipata alama ya juu kuliko zote mwaka ule, jambo ambalo naliandika kwa kumbukumbu wala si kwa majivuno. Sijapata kuona kifungu chenye utu kama hiki.

5 Machi

Watu kumi na wanane. Kumi na watano wamechagua upande huu. Joto kali. Mawingu yanakusanyika na kutawanyika kama wajumbe wasioafikiana.

9 Machi

Jumapili. Nimebishana na baba mdogo tangu chai hadi chakula cha mchana.

Yeye ni mdogo wa marehemu baba. Walivuka mto pamoja wakiwa vijana. Baba akaoa hapa, naye akafungua kiwanda chake cha magodoro katika chumba cha mbele cha nyumba yetu. Ni yeye aliyenilipia masomo. Pamba imemganda kwenye nyusi kwa muda mrefu kiasi kwamba sijui zina rangi gani. Hupenda kusema kwamba nusu ya mji huu imezaliwa juu ya kazi yake, na nusu nyingine imefia juu yake.

Hataki kuandikishwa popote.

"Hebu nielewe, msomi," alisema, sindano ndefu mdomoni. "Nikichagua ng'ambo, nalala hapa hapa?"

"Unalala hapa hapa."

"Halafu asubuhi naamka mgeni."

"Unaamka raia wa ng'ambo mwenye makazi hapa. Kuna tofauti kubwa, baba."

"Nani anaiona?"

"Sheria inaiona."

"Sheria nimeishonea godoro. Hakimu yule wa zamani, Mungu amrehemu, alikuwa akikojoa kitandani."

Mama aliangua kicheko jikoni. Mimi sikucheka. Nilimweleza kwamba asiyechagua atahesabiwa kuwa amekubali upande alikolala usiku wa mwisho, na kwamba kunyamaza nako ni uchaguzi, tena wa woga. Akaendelea kushona. Sikuridhika na namna alivyoendelea kushona.

14 Machi

Mvua ya kwanza. Paa la posta linavuja juu ya dirisha la stempu.

Niseme jinsi tunavyofanya kazi. Mtu hufika kaunta, hutaja jina, mahali alipozaliwa na upande anaoutaka, nami huandika kwa mkono. Akiisha kuweka dole gumba, ukurasa huenda kwa mwenzangu, mwanamke mtu mzima ambaye mji mzima humwita Mama Nakala, kwa kuwa amepiga chapa barua za serikali tatu zilizopita bila kukosa siku moja. Yeye hupiga nakala mbili. Kila Ijumaa nakala moja hubebwa katika sanduku la bati hadi ng'ambo. Hivyo kila serikali inajua wanaoitaka. Nilimwambia Mama Nakala kwamba uwazi huo ni jambo tukufu. Akasema mashine yake inahitaji utepe mpya.

20 Machi

Mkaguzi wa wilaya amekuja. Mtu mwenye adabu sana: hupangusa viatu mlangoni, huomba ruhusa kabla ya kukaa. Amesifu mwandiko wangu. Ameagiza tuongeze safu moja katika daftari: namba ya kiwanja anachokaa mtu. Ni jambo la busara. Utawezaje kulinda makazi ya mtu usipojua yalipo?

24 Machi

Mvua.

25 Machi

Mvua. Watu arobaini na mmoja. Wengi hufika wakiwa na hofu, wakitaka kuchagua upande huu ilhali nyoyo zao na ndugu zao wako ng'ambo. Huwasomea Kifungu cha Tisa kwa sauti, polepole, neno kwa neno. Leo ishirini na sita wamebadili nia mbele ya macho yangu na kuchagua kile walichokitaka kweli. Muuza mkaa mmoja alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nimerudi nyumbani nimelowa, na furaha isiyo na kifani.

27 Machi

Mama Nakala ameniuliza swali la ajabu. Alikuwa na kijitabu cha Mkataba, kile kilichochapishwa na kuuzwa madukani, amekifungua kwenye ukurasa wa yaliyomo.

"Hapa wamesema vifungu ishirini na vinne na viambatisho vitatu. Vifungu nimeviona. Viambatisho viko wapi?"

"Ni mambo ya forodha hayo, mama. Ramani, vipimo vya kina cha mto. Havichapishwi kwa sababu havimhusu raia."

"Umevisoma?"

"Sina haja ya kuvisoma ili kujua vilivyo."

"Haya, mwanangu," alisema, akakifunga kijitabu. "Wewe ndiye uliyesoma."

2 Aprili

Leo naandika kirefu, maana leo nimeshinda.

Adhuhuri alifika dereva mmoja wa ng'ambo mwenye kibali maalumu, akitafuta kiwanda cha magodoro. Alileta habari za binti wa baba mdogo, dada yangu, aliyeolewa huko mwaka mmoja kabla ya vita. Ana mtoto wa kiume wa miaka mitatu. Hakuna aliyejua. Dereva alipima kwa kiganja: urefu wake hivi. Akasema mtoto ana ubishi, na kwamba wanamwita kwa jina la utani la babu yake.

Baba mdogo aliweka sindano juu ya meza. Sijapata kumwona akiiweka mahali pengine zaidi ya mdomoni au ndani ya kitambaa.

Nilingoja dereva aondoke. Kisha nikamwambia: raia wa ng'ambo mwenye makazi hapa anastahili kibali cha kuvuka daraja wakati wowote. Kifungu cha Tisa, aya ya tatu.

"Nikamwone nirudi?"

"Ukamwone urudi. Mara kumi ukitaka."

"Na chumba hiki?"

"Chumba ni chako. Imeandikwa."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa unga. "Shemeji," alisema, "usiwe na haraka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sisi tumeumwa miaka minne."

Hapo nilimgeukia mama, na nakiri nilimjibu kwa ukali kuliko ilivyostahili. Nilimwambia kwamba mataifa hayajengwi na watu wanaoshtuka. Nikasema kuwa hofu ndiyo iliyoleta vita, na hofu hiyo hiyo itaubomoa Mkataba ikiwa watu waaminifu watajificha. Nilitoa mifano ya karne mbili. Nilizungumza vizuri; najua ninapozungumza vizuri. Mwisho baba mdogo aliinua mkono kama mtu anayesimamisha mkokoteni.

"Basi, basi. Umenimaliza. Kesho nitakuja hapo kwenye kidirisha chako."

3 Aprili

Amekuja akiwa amevaa shati lake la harusi. Alipanga foleni kama kila mtu, ingawa nilimwashiria apite mbele. Nilipomuuliza upande anaouchagua, kama utaratibu unavyotaka, alisema, "Upande aliko mjukuu wangu." Nikaandika. Namba mia moja sitini na saba kati ya waliochagua ng'ambo. Aliweka dole gumba, akalitazama lile doa, akalipangusa kwenye suruali.

Mvua haikunyesha. Nimelichukua kuwa jambo jema.

7 Aprili

Nimepeleka ombi la kibali chake. Wamesema wiki ijayo.

15 Aprili

Mkaguzi amerudi. Safu mbili zaidi, zijazwe hata kwa walioandikishwa tayari. Ya kwanza: idadi ya watu katika kaya. Ya pili: kati yao, wangapi wanaweza kutembea bila kusaidiwa.

Nilimuuliza sababu. Alisema ni kwa ajili ya huduma za afya. Jibu linaeleweka, serikali mpya lazima ijue wazee na wagonjwa wake. Nikamuuliza kwa nini safu hizo zijazwe kwa waliochagua ng'ambo peke yao. Alitabasamu, akasema swali langu ni la msomi kweli, akapangusa viatu akatoka. Baada ya kuondoka kwake nilibaini kwamba hakujibu.

Mama Nakala alipiga chapa mchana kutwa, na mlio wa mashine ukachanganyika na mvua hata sikuweza kutofautisha kipi ni kipi.

16 Aprili

Nimelala vibaya. Ni kweli kwamba idara ya afya inaweza kuanza na kundi moja kabla ya jingine. Nimeona mifano.

21 Aprili

Kibali: wiki ijayo.

22 Aprili

Mvua.

26 Aprili

Mwenye duka la jirani, ambaye tangu utoto wangu hajawahi kuingia kiwandani kwa baba mdogo ila kwa kuazima nyundo, leo ameingia bila haja yoyote. Alisalimia. Alitembea kutoka ukuta mmoja hadi mwingine kwa hatua zinazolingana, midomo ikichezacheza. Kisha akatembea kwa upana.

"Kumi na moja," baba mdogo alimwambia bila kuinua kichwa. "Na nane kwa upana. Ungeuliza tu, ningekupunguzia viatu kulika."

Jirani alicheka kwa sauti kubwa mno. Baba mdogo hakucheka. Mimi nilikuwa nasoma pembeni, na kwa mara ya kwanza maishani nilisoma ukurasa mmoja mara tano.

28 Aprili

Kibali: wiki ijayo. Karani wa vibali ni kijana niliyesoma naye shule ya msingi. Hakunitazama usoni.

6 Mei

Askari wawili wamepita na ndoo za chokaa wakiandika namba kwenye milango. Mlango wetu umeandikwa 167. Mlango wa mwenye duka haukuandikwa. Nilitembea mtaa mzima na daftari langu kichwani, nikalinganisha. Hawakukosea hata mlango mmoja. Ndiyo sifa ya mwandiko wangu.

7 Mei

Mvua ya usiku kucha imeosha chokaa yote. Kulipokucha kila mtu alikuwa amesimama nje akitazama mlango wake mtupu, na watu walicheka, wakasalimiana, wakaulizana hali. Muuza mkaa alipita akiniita, "Karani! Mungu naye ana kifutio!"

8 Mei

Wamerudi na rangi ya mafuta.

12 Mei

Nimekwenda makao ya wilaya kuomba viambatisho.

Nilijiandaa kwa mapambano. Nilikuwa na hoja tatu, kila moja na mfano wake. Mkaguzi alinikaribisha kiti, akafungua kabati lisilo na kufuli, akanipa. Hakuna siri iliyolindwa. Yalikuwa makaratasi kumi na manne yaliyobanwa kwa pini, na kumbe muda wote yalikuwa hapo, hatua mia tatu kutoka mezani kwangu.

"Nilishangaa hukuja mapema," alisema. "Mtu wa tasnifu kama yako."

Kiambatisho cha Kwanza ni kina cha mto. Cha Tatu ni forodha. Cha Pili nakinakili kama kilivyo: "Kwa ajili ya utulivu wa kudumu, pande zote mbili zimeafikiana kwamba waliochagua utaifa wa upande wa pili watahamishiwa upande huo ndani ya siku saba baada ya daftari kufungwa, wakiwa na mizigo wanayoweza kubeba. Kifungu cha Tisa kitasomwa kwa kuzingatia kiambatisho hiki."

Nilimuuliza kuhusu vibali vya kuvuka. Akasema havina haja tena, kwa kuwa watu wote watavuka kwa pamoja. Nikamuuliza ng'ambo watawekwa wapi. Akasema hilo ni suala la ng'ambo. Nikasema, nasikia aibu kuliandika, kwamba yote hayo yanapingana na roho ya Mkataba. "Labda," alijibu kwa upole. "Mimi nashughulika na makaratasi yake."

Sura ya tatu ya tasnifu yangu, kurasa thelathini na mbili, inahusu viambatisho. Inaeleza jinsi mikataba ya zamani ilivyotoa kwa mkono wa kulia na kuchukua kwa mkono wa kushoto. Mwalimu wangu aliandika pembeni, kwa wino mwekundu: "Uchambuzi makini." Niliisoma tena leo jioni. Ni kweli, ni makini. Kila neno limo humo. Mtu aliyeiandika alijua kila kitu kuhusu watu waliokwisha kufa.

13 Mei

Nilifika kazini alfajiri, kabla ya mtu yeyote, nikafungua ukurasa wa namba 167, nikashika wembe wa kukwangulia wino.

"Nakala yake ilivuka Ijumaa ya tarehe nne Aprili," Mama Nakala alisema nyuma yangu. Alikuwa ameketi gizani muda wote, koti lake bado limelowa. "Ukimkwangua hapa, kule yupo. Watakuja wanaulizana mtu huyu amekwenda wapi, na atakayeulizwa kwanza ni mwenye mwandiko. Na huyo uliyemkwangua atakuwa hana upande hata mmoja. Nimewaona watu wa namna hiyo, mwanangu. Hata jela hawapokelewi."

"Ulijua?"

"Nilikuuliza."

Nikaweka wembe chini. Foleni ilikuwa imeanza kujipanga nje. Leo sikumsomea mtu Kifungu cha Tisa. Niliwaambia wachague upande huu. Niliwaambia kwa sauti ya chini, mmoja mmoja, na hawakuniamini, walidhani nimenunuliwa. Mzee mmoja alinisomea yeye Kifungu cha Tisa, kwa ghibu, neno kwa neno, kama nilivyomfundisha.

16 Mei

Ilinichukua siku nne kumwambia baba mdogo. Nilimwambia akiwa anajaza pamba kwenye godoro la mtoto, lile ambalo angempelekea mjukuu. Nilimweleza Kiambatisho cha Pili mwanzo hadi mwisho. Nikajiona nimeanza kukichambua, nikanyamaza.

Aliendelea kusukuma pamba kwa ngumi.

"Siku ile jirani alipopima ukuta," alisema, "nilijua kuna kitu. Nilidhani utaniambia."

"Nilikuwa sijui, baba."

"Najua hukujua. Ungenidanganya, ningekusamehe mapema zaidi. Mwongo humwona mtu anayemdanganya. Wewe hukuniona. Ulikuwa unaona kitabu."

Nikaokota pamba iliyoanguka sakafuni, nikamrudishia.

Mama alipoambiwa hakupiga kelele. Alimaliza kupakua, akaweka sahani ya baba mdogo mbele yake na yangu mbele yangu. "Ulimshinda kwa maneno," aliniambia. "Hongera."

19 Mei

Mvua.

23 Mei

Malori yameanza kuegeshwa uwanja wa mpira. Nimehesabu kumi na manne. Vijana bado wanacheza mpira katika kipande kilichobaki.

31 Mei

Daftari limefungwa. Waliochagua ng'ambo ni mia nne na kumi na mbili. Nilitia saini chini ya mstari wa mwisho, na Mkaguzi akatia yake kando ya yangu. Kalamu ilikuwa ile ile.

1 Juni

Hakukunyesha. Hakuna wingu. Msimu umekwisha.

3 Juni

Mkaguzi ameniita. Kesho saa mbili asubuhi majina yatasomwa kwa kipaza sauti mbele ya posta, na msomaji ni mimi, kwa kuwa sharti lisomwe daftari lenye madole gumba na mimi ndiye nijuaye mwandiko wangu. Kila atakayeitwa apande lori. Kisha akaongeza, akikunja kitambaa chake cha viatu: "Ni mia nne na kumi na mbili. Lori la mwisho halitaondoka hesabu isipotimia. Jina likipungua, msomaji ataketi kwenye nafasi yake."

Nimerudi nyumbani na mpango. Nimemwambia baba mdogo: kesho usitoke. Ingia ghala la nyuma, nyuma ya magunia ya pamba, mama afunge. Nitaliruka jina lako. Watakapobaini upungufu nitapanda mimi; mimi ni kijana, nina elimu, ng'ambo nitapata kazi, nitamtafuta dada. Nikasema ni haki iwe hivyo.

Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Umepanga vizuri," kwa sauti ile ile aliyotumia tarehe mbili Aprili. Nilipaswa kuisikia.

4 Juni

Nitaandika kwa mfuatano, la sivyo sitaandika kabisa.

Saa mbili barabara ilikuwa imejaa. Watu walikuja na vyungu, vitanda vilivyofunguliwa, mashine za kushona, mlango mmoja mzima ulioandikwa namba. Askari walipanga mizigo iliyozidi kando ya ukuta wa posta, na wenye kubaki walikuwa wameshaanza kuitazama. Mwenye duka alikuwa amevaa shati safi.

Nilipanda juu ya sanduku. Kipaza sauti kilipiga mluzi, kisha kikanyamaza. Nikaanza namba moja.

Sikujua kwamba majina yana uzito tofauti. Jina la muuza mkaa nililisoma, naye akainua mkono kunisalimia kabla ya kukumbuka. Mzee wa Kifungu cha Tisa alibebwa. Katika safu ya wawezao kutembea nilikuwa nimemwandikia sifuri. Kila jina lilipotamkwa lilirudi kutoka kuta za mtaa, likitamkwa mara ya pili na mtu asiyeonekana mwenye sauti yangu. Mama Nakala alisimama chini yangu na nakala yake, akipiga alama kila mstari.

Mia moja sitini na tano. Mia moja sitini na sita, mwanamke na watoto wake wanne, wote watembeao. Nikavuta pumzi.

"Mia moja sitini na nane," nikasema.

Mama Nakala alipiga alama. Aliipiga bila kusita, kwenye mstari wa 167. Kwa muda wa pumzi moja niliamini kwamba nimefanya jambo moja la kweli katika maisha yangu.

"Umeniruka."

Sauti ilitoka katikati ya umati. Watu walipisha. Baba mdogo alikuwa amevaa shati lake la harusi, amejitwika kigodoro cha mtoto kichwani kimefungwa kwa kamba, na nyusi zake, nadhani aliziosha, zilikuwa nyeusi kabisa.

"Msomaji, umeniruka," alisema tena, kwa sauti ya mtu anayedai zamu yake dukani. "Namba mia moja sitini na saba. Rudi nyuma."

Mkaguzi alinitazama. Alikuwa na subira kamili.

"Mzee, pengine umekosea," nilisema katika kipaza sauti. "Jina lako halimo."

"Limo. Nilikuona ukiliandika." Alisogea hadi karibu na sanduku, akashusha sauti ili tusikie wawili tu, watatu na Mama Nakala. "Usinifanyie hesabu, mwanangu. Shemeji hana mwingine. Na mimi nina mtoto wa kumwona, hata kama ni kwa njia yao. Soma. Lisome vizuri, usilimeze."

Nikalisoma. Jina lake, mahali alipozaliwa, kiwanja chake, watu wa kaya yake: mmoja, wawezao kutembea: mmoja. Lilirudi kutoka ukutani.

Alipanda lori bila kushikwa mkono. Askari alitaka kumnyang'anya kile kigodoro, akasema ni mzigo wa pili. Akamjibu, "Kijana, huu si mzigo, haya ni matako ya mjukuu wangu," na wale waliokuwa ndani ya lori, Mungu wangu, walicheka.

Nilisoma hadi mia nne na kumi na mbili. Hesabu ilitimia. Malori yalielekea darajani, na ukimya uliobaki ulikuwa wa watu wanaongoja kuona nani ataanza kusogea kwenye ile mizigo iliyoachwa. Hawakungoja sana.

5 Juni

Hakuna habari kutoka ng'ambo. Dereva mmoja amesema aliona malori yakipita mji wa ng'ambo bila kusimama, yakaendelea. Nilimuuliza yanakwenda wapi. Akasema barabara ile haina mji mwingine mbele.

6 Juni

Mkaguzi amekuja posta na daftari jipya. Kurasa mia nne, mistari ya buluu. Amesema kazi yangu imesifiwa juu, na kwamba tunaanza Jumatatu.

"La akina nani hili?"

"La waliochagua upande huu," alisema, akipangusa viatu, "ambao baba zao walizaliwa ng'ambo."

Mimi nimo humo. Alijua, alinitazama kwa upole ule ule. Nikamwambia kwamba safari hii sitaandika jina hata moja kabla sijaona viambatisho.

"Viambatisho bado havijaandikwa," alisema. "Ndiyo maana tunamhitaji msomi."

Nimerudi nyumbani saa kumi. Chumba cha mbele kimefungwa kwa kufuli la mwenye duka. Mama aliniuliza Jumatatu aniamshe saa ngapi. Nikamwambia asiniamshe, sitakwenda. Akaepua chungu, akapanda juu ya kigoda, akashusha sanduku la nguo. Sasa anakunja: kwanza zangu, halafu zake. Hajauliza kwa nini. Wala hajauliza tunaelekea upande gani.